Leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda

Ndugu zangu wa Tanzania mnaomiliki rifle kihalali, lishikeni hili kabla ya kuingia porini: leseni ya silaha inakuruhusu kumiliki bunduki tu. Kumpiga mnyama kunahitaji leseni nyingine, ya uwindaji, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Nyaraka zote mbili ziwe mfukoni, kwa jina lako. Bunduki ya kaka au jirani usiibebe eti mnaaminiana, maana leseni imetolewa kwa mtu, si kwa ukoo.

Ukishapata leseni, namna ya kuwinda nayo ina mipaka. Bunduki inayomimina risasi mfululizo hairuhusiwi. Kufukuza mnyama kwa gari, au kummulika usiku kwa taa na kumpiga akiwa ameduwaa, ni kosa, na kwa maoni yangu ni ukatili pia. Kwa nyati, rifle iwe angalau ya kipenyo cha .375, yaani unene wa risasi kwa inchi. Risasi ndogo humjeruhi tu, naye nyati aliyejeruhiwa hujificha vichakani akamsubiri binadamu, pengine mama anayetafuta kuni.

Soma pia aina na idadi ya wanyama iliyoandikwa kwenye leseni yako, neno kwa neno. Twiga usimguse kabisa. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda.

Na ukivuka kwenda Kenya, sahau: uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku huko tangu 1977.