Jicho la kamba ya kupandia mti: lipi usuke, lipi uache, na namna ya kulilinda

Agosti ikifika vijana huanza kunitumia picha za kamba. "Kaka, jicho hili bado zima?" Jicho ni kile kitanzi cha nchani mwa kamba. Wengi ni Wakongo na Wakenya wa hapa Columbus, Ohio, walionogewa na uwindaji wa upinde, na msimu hufunguliwa mwishoni mwa Septemba. Mimi kazi yangu ni kupogoa miti, kwa hiyo kamba nazishika kutwa, na wakati wa kulungu nahamia vilima vya msitu wa taifa wa Wayne nikaning'inie kwa starehe yangu. Majibu ninayowapa mmoja mmoja nayaweka hapa.

Kwa asiyeijua mitambo hii: hakuna jukwaa la kukalia. Unavaa tandiko kiunoni. Mbele ya tandiko kuna kamba fupi, daraja, na daraja linashikwa kwa karabina (pete ya metali yenye mlango wa kufunga) kwenye kamba ya mti, ile iliyozungushwa kwenye shina usawa wa kichwa au juu yake. Kamba ya tatu, ya kiunoni, inakukumbatisha na mti unapopanda na kushuka. Kuna siku hutautumia upinde wako; kamba hizi utazitumia kila siku.

Watu wanaogopa uzito wao. Mtu wa kilo 90 anauliza kama jicho litamwezea, na mkononi ana kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki nyepesi zenye nguvu nyingi) ya robo inchi ambayo ikiwa mpya haikatiki chini ya kilo 3,000. Uzito si tatizo. Jicho linauawa na msuguano, na moto, na kufunikwa mahali ambapo huoni linavyokufa.

Kwanza ujue kamba yako ni ya namna gani. Ikiwa imesukwa kwa nyuzi kumi na mbili na ukiibinya kwa kusukuma ncha zake inafunguka ndani wazi kama mrija, hiyo unaweza kuisuka jicho mwenyewe. Ikiwa ina moyo ndani na ganda nje, kama zilivyo kamba nyingi za mti za milimita 8 hadi 11, iache. Zipo za wapogoaji zenye ganda zinazosukika, ila hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa na anayefuata karatasi ya kiwanda. Kwa kamba ya ganda nunua yenye jicho lililoshonwa kiwandani, au funga fundo la nane lililorudiwa. Fundo hula kama robo ya nguvu ya kamba. Bado unabaki na nguvu tele, na fundo unaliona lote kwa macho.

Kuna kijana aliniuliza kama cherehani ya mama yake inaweza kurudishia mshono uliofumuka. Nilimjibu kwa neno moja. Mashine ya kiwandani inapiga mishono mizito ya kwenda na kurudi kwa uzi na mvuto uliopimwa, kisha sampuli zinavutwa mpaka zikatike. Mama yake ni fundi wa magauni.

Sasa kusuka. Mfano wangu ni daraja la Dyneema la robo inchi. Kamba hii usiifanye ya mti, wala fundo la kujikaza la kuteleza usilifunge kwayo: inateleza, na inayeyuka karibu nyuzi 150 za Selsiasi, joto ambalo msuguano mkali hulifikia.

Mkia unaozikwa ndani ya kamba unapaswa kuwa na urefu wa mara 72 ya unene wake. Kwa robo inchi hiyo ni sentimita 46. Hapa ndipo wengi wanapobana kamba wakidhani sentimita 15 zinatosha kwa sababu jicho linaonekana zuri. Kinachoshika mzigo si pale jicho linapofungia. Kamba ikivutwa inajibana na kuukaba mkia uliomo tumboni, na kukaba huko kunataka urefu. Piga hesabu: macho mawili yanataka sentimita 92 za kuzikia, na daraja zima mara nyingi halifiki huko. Ndiyo maana nasuka jicho upande mmoja tu, upande wa pili nafunga.

Pima sentimita 46 kutoka nchani, tia alama kwa makapeni. Ongeza sentimita 10 za jicho lenyewe, tia alama ya pili. Pitisha mkia katikati ya kamba kwenye alama ya pili, nyuzi sita huku na sita kule, uvute mpaka alama ya kwanza ikutane na ya pili. Halafu chukua ncha ile nyingine ya kamba, ile ndefu, uipitishe katikati ya mkia kwenye alama ya kwanza. Vuta pande zote. Kamba mbili zimepitana, jicho limejifunga, halifumuki hata likilegea mfukoni. Ukigundua nyuzi zimejipinda, rudi nyuma sasa hivi, baadaye hutaweza.

Kabla ya kuzika, chonga mkia. Katika theluthi yake ya mwisho chomoa nyuzi mbilimbili kwa kuachia nafasi na uzikate, mkia uishe mwembamba. Mkia uliokatwa butu unaacha ngazi ndani ya kamba, na kamba ikikatika hukatikia kwenye ngazi hiyo. Wanaoharakisha kazi huiruka hatua hii, na ukipapasa daraja lao unaisikia kwa kidole.

Kisha ingiza sindano ya kamba (waya mwembamba uliokunjwa mara mbili nao unafaa) kwenye kamba ndefu mbali kidogo kuliko urefu wa mkia, itokee karibu na jicho, ishike ncha, uivute ndani. Sasa kamua kamba kutoka jichoni kwenda chini kwa mikono miwili. Mkia unamezwa. Kamua tena. Malizia kwa uzi imara wa kushonea, mishono michache ya kupita na kurudi karibu na jicho, bila kukaza mpaka kamba ikunjane. Kazi ya uzi ni kuzuia mkia usitoke kamba ikiwa haina mzigo. Likalie kwanza kwenye mti wa nyumbani, miguu ikigusa ardhi, ujirushe kidogo. Alama zikisogea, fumua.

Jicho lililoshonwa kiwandani lina adui wake mahali pake. Kamba ya mti ikipitishwa ndani ya jicho lake lenyewe kulikaba shina, kamba inasugua kamba kila unapozunguka kutafuta shabaha. Tia karabina au kiungo cha chuma cha kufunga kwa nati, kilichopimwa kwa kazi hiyo, ndani ya jicho, chuma kisuguliwe badala yake. Jicho likiwa pana, libane kwa mpira mdogo ili karabina isilale ubavu. Panga pia sehemu ya mishono isikunjwe juu ya ganda la mti. Kwenye mti wa hikori wenye magome yanayobanduka, mimi sipandi kabisa kama kuna mwaloni jirani.

Kuhusu ile mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto, inayovishwa juu ya mishono kuilinda: ni mizuri, iwe ya uwazi, isiyo na gundi ndani. Nyeusi inaficha mishono, gundi inaingia kwenye nyuzi. Mrija wa kawaida husinyaa nyuzi 90 hadi 120, lakini mashine ya hewa moto inatoa mamia. Kwa kamba ya poliesta au nailoni, peperusha hewa kwa mbali bila kusimama mahali pamoja, uache mara mrija unaposhika. Kwa Dyneema sitii moto hata kidogo, na kumbuka kamba yenye ganda gumu inaweza kuwa na Dyneema moyoni. Soma karatasi yake. Hapo navisha mfuko wa utepe wa nailoni ulio wazi ndani kama mrija, nashona ncha za mfuko peke yake, sindano isiguse kamba. Tepu ya umeme acheni. Inanata utomvu, na ukiibandua mwisho wa msimu inang'oa nyuzi.

Usiache kamba mtini usiku. Kuchakuro wanaitafuna, hasa ikiwa na chumvi ya jasho. Nyuma ya gari iweke mbali na betri, kwa sababu asidi inaiua nailoni bila kubadilisha rangi yake.

Kila ninapokunja nakagua mshono kwa kidole na kwa mwanga. Uzi mmoja umekatika? Kamba hiyo naikata vipande vifupi hapo hapo, mtu asiiokote kwenye pipa. Halafu natazama mti: huku Ohio mdudu wa kijani ameua miti ya eshi tangu alipogunduliwa jimboni mwaka 2003, na bado imesimama. Jicho zuri kwenye eshi mkavu haliokoi mtu.