Sosi ya nyanya ya spageti na piza, bila kopo

Shemeji yangu wa Tabata anapika rosti ambayo ukiila hutaki mtu akusemeshe. Spageti zake sasa, zinaogelea, na piza yake katikati ni tope. Juzi tumeipika sosi kwake mwanzo mwisho, na kwa kuwa wadogo zake nao wameanza kunipigia simu wakiiulizia, naandika hapa wasome wenyewe.

Shida ni kwamba anaipika sosi kama mchuzi. Mchuzi unaulinda usikauke, maana kuna wali unaousubiri. Sosi hii kazi yake yote ni kutoa maji, na nyanya karibu yote ni maji, asilimia 94 hivi.

Andaa kilo 2 za nyanya, vijiko 4 vya chakula vya mafuta ya zeituni (alizeti nayo sawa, mradi haijawahi kukaangia samaki), punje 4 za kitunguu saumu, chumvi, na majani ya mrehani. Basi. Ukiweka hoho, karoti na binzari umepika rosti, chakula kizuri tu, ila sicho hiki.

1. Nyanya

Chagua zile ndefu za umbo la yai. Ukiikata, unataka uone nyama nene na vyumba vidogo vya mbegu. Zile za mviringo zenye vyumba vikubwa ni za kachumbari.

Nyingi zinazoshuka masoko ya Ilala na Mabibo, Dar es Salaam, zimesafiri kutoka mbali, Iringa au Lushoto, kwa hiyo huchumwa kabla hazijaiva sawasawa ili zisipondeke kwenye matenga. Zikiwa bado na ukijani begani, zitandaze mezani siku mbili tatu mpaka ziwe nyekundu zote. Usiziweke kwenye friji, baridi huua ladha.

Masalo je, zile nyanya zilizoiva mno na kupondeka? Kwa sosi mimi nayapenda, kwa sababu yameiva kwelikweli na bei yake ni ya kutupa. Sharti uyanunue asubuhi, uyapike siku hiyohiyo, na ukate kila palipopondeka. Yenye ukungu au harufu ya kuchacha, tupa nyanya nzima.

Wakati wa masika nyanya huwa maji matupu na bei juu. Hapo kijiko kimoja cha nyanya ya kopo hakikutoi thamani.

2. Maganda

Kata nyanya katikati, kwaruza upande wa ndani kwenye matundu makubwa ya kikwaruzo cha karoti. Ganda linabaki mkononi. Ukipenda kuzichovya kwenye maji ya moto, sawa, ila mimi sioni sababu ya kuwasha jiko mara mbili.

Blenda iache kabatini. Inasaga mbegu zinatoa uchungu, halafu inaingiza hewa, sosi inageuka rangi ya chungwa yenye povu. Kama huna kikwaruzo, katakata kwa kisu.

3. Kutoa maji

Hapa usikimbie.

Mimina nyanya zako kwenye chujio juu ya bakuli, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, koroga, ziache nusu saa. Chumvi itavuta maji na utayaona yanadondoka, mekundu mepesi. Usiyamwage! Ule ute unaozunguka mbegu ndio wenye ladha nyingi ya nyanya, na sehemu yake imo humo. Yaweke kwenye kisufuria kidogo, yachemshe peke yake mpaka yawe mazito kama asali, kisha uyarudishe kwenye sosi mwishoni. Chumvi nyingine usiongeze mpaka uonje wakati huo, kwa sababu chumvi haipungui maji yanapopungua.

Sasa chombo. Tumia kikaango kipana, cha chuma kisichoshika kutu au kilichopakwa kauri isiyobanduka. Sufuria ndefu inaficha maji chini, nyanya zinajichemkia tu, na utakaa hapo mpaka LUKU ikuishie. Nyanya zikitandaa kina cha vidole viwili, mvuke unapata pa kutokea. Sufuria za alumini tunazo wote, na kwa dakika chache hazina neno, ila asidi ya nyanya ikikaa nazo muda mrefu sosi inapata ladha ya bati.

Pasha mafuta moto mdogo, weka kitunguu saumu ulichokikata vipande vyembamba. Kikianza kunukia na kabla hakijageuka kahawia, mimina nyanya. Ongeza moto uwe wa wastani. Mfuniko usiuguse kabisa. Najua inaruka na kuchafua ukuta wa jiko, lakini ukifunika, mvuke unagonga mfuniko na kurudi kule kule. Kama inakukera, weka chujio pana la waya juu yake.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa kawaida, ila saa isikudanganye. Pitisha mwiko chini ya kikaango: njia ikijifunga mara moja, bado. Ikibaki wazi kidogo ukaona chuma, jaribu tena kwa kuweka kijiko kimoja kwenye sahani na kusubiri dakika moja. Sosi ikizungukwa na pete ya maji, rudisha jikoni. Isipokuwa na pete, zima, rudisha yale maji mazito, chana mrehani kwa mkono utie. Kivumbasi si mbadala wake, harufu yake ni ya kufukuzia mbu.

Ikibaki kali ulimini, karoti nzima iliyomenywa ichemke nayo kisha uitoe. Sukari, nukta tu.

4. Spageti

Zitoe dakika moja kabla hazijaiva, zimalizie ndani ya sosi pamoja na nusu kikombe cha maji uliyozichemshia. Ndiyo, tunarudisha maji, ila haya yana wanga unaoishikisha sosi. Nusu kilo ya spageti itakula zaidi ya nusu ya sosi yako.

5. Piza

Napoli, mji wa Italia ilikotoka piza, hawapiki sosi yake. Wanapaka nyanya mbichi iliyopondwa, kwa kuwa tanuri lao linakaribia nyuzi 485 na piza inaiva ndani ya sekunde 60 hadi 90. Mwenye oveni ya nyuzi 250 anaweza kuwaiga, akiishia kwenye chujio la hatua ya tatu.

Kama unaoka kwenye kikaango chenye mfuniko juu ya gesi, usithubutu. Mvuke hauna pa kwenda, ndiyo lile tope la shemeji. Pika sosi dakika 10 zaidi, ipake ikiwa imepoa, vijiko vinne kwa piza moja. Bora zaidi ni jiko la mkaa, upalie makaa juu ya mfuniko kama wali, jibini ipate moto wake.

Iliyobaki inakaa siku nne kwenye friji. Ukitaka miezi, igawe kwenye mifuko, ilaze bapa igande kwenye friza. Usiijaze kwenye chupa ukaiweka kabatini: nyanya peke yake haina asidi ya uhakika ya kuzuia vijidudu vya sumu, na umeshatia saumu na mafuta.