Hangova ya malwa na basi la saa nane: ninavyomhudumia mtu hatua kwa hatua

Nimeuza vinywaji kaunta huku Kansanga, Kampala, miaka tisa, na waliolewa nimewaona wa kila aina. Ila aliyenifundisha somo hili ni shemeji yangu wa Mwanza, aliyekuja kwenye kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho, ya mdogo wetu. Jumamosi sherehe, usiku malwa (pombe ya kienyeji ya ulezi), Jumapili saa nane mchana basi la kurudi kwao kupitia mpaka wa Mutukula. Saa moja asubuhi nilimkuta amekumbatia beseni. Mkiona hatua ya tano imekuwa ndefu, ni kwa sababu siku hiyo niliikosea.

Hatua ya 1: Kula kwanza

Matoke, posho na maharage, chochote kizito chenye mafuta kidogo. Tumbo likiwa na chakula, pombe huingia kwenye damu polepole. Nyama choma ya saa tano usiku imeshachelewa.

Hatua ya 2: Hesabu

Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Ini la mtu mzima humaliza kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake chupa moja ni kazi ya saa mbili hadi tatu, na hakuna kahawa wala maji baridi ya kuoga yatakayoliharakisha ini. Ukianza saa mbili usiku ukanywa sita, pombe itakwisha mwilini saa mbili asubuhi ukiwa na bahati; la sivyo, saa saba mchana. Ndiyo maana kawunyemu ya polisi, kile kipima pombe cha kupulizia, humnasa mtu asubuhi naye anaapa kwamba alikunywa jana.

Malwa huvuruga hesabu hii. Mnakaa mmezunguka mtungi, kila mtu na mrija wake, na maji ya moto yanaongezwa kila yanapopungua. Hakuna chupa tupu za kuhesabu mezani. Nilipomuuliza shemeji alikunywa kiasi gani, alijibu, "Mrija mmoja tu." Mimi kwenye malwa huhesabu saa: naamua kabla ya kukaa kwamba saa nne usiku naondoka, na katikati nanyanyuka mara mbili kunywa glasi ya maji.

Hatua ya 3: Waragi (pombe kali ya huku) iwe ya chupa iliyofungwa

Hapa sibembelezi mtu. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganyika na methanoli, kilevi chenye sumu. Huwezi kuitambua kwa kuonja wala kunusa. Ubaya wake ni kwamba huweza kukaa nusu siku au siku nzima ndipo ijioneshe, nawe ukadhani ni hangova tu. Macho yakiona ukungu au weupeweupe, tumbo likiuma sana, pumzi ikienda mbio, hiyo si hangova. Hospitali, sasa hivi, na uwaambie alikunywa nini.

Hatua ya 4: Kulala

Glasi moja ya maji, alale ubavu, beseni karibu. Aliyelewa sana asilazwe chali wala asiachwe peke yake. Ukimtikisa haamki, anapumua polepole au kwa kukatakata, fizi na kucha zinageuka rangi, au anatingishika degedege, usisubiri asubuhi.

Hatua ya 5: Maji yakae tumboni

Kila mtu anajua kwamba mwenye hangova anywe maji. Pombe humfanya mtu akojoe zaidi ya kawaida, kwa hiyo mwili umekauka. Sawa. Nami nikampa shemeji jagi zima la maji ya baridi, nikamwambia, "Maliza." Akamaliza. Dakika tano baadaye yote yalikuwa kwenye beseni. Nikaongeza soda, ikarudi. Nikaleta juisi ya embe, heri nisiseme. Mpaka saa nne na nusu alikuwa mkavu kuliko alivyoamka, na asubuhi yote imekwenda.

Tumbo lililokasirishwa na pombe halipokei kwa jagi. Fanya hivi. Akishatapika, mwache dakika kumi au kumi na tano bila kitu chochote. Kisha mpe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, hata akilalamika ana kiu. Akilalamika vizuri, ujue anapona. Baada ya nusu saa bila kutapika, mpe mafunda madogo. Baada ya saa nzima, nusu glasi. Akitapika tena, rudi kwenye kijiko.

Mimi natumia ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ya duka la dawa, iliyochanganywa na maji kama pakiti inavyosema. Usikadirie kwa jicho. Ukiikosa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pima kwanza, ndipo uchanganye. Yasiwe ya barafu. Vinywaji vya kuongeza nguvu sivitaki kabisa karibu na mgonjwa wangu. Moyo wake tayari unakwenda mbio.

Matapishi yakiwa na damu au meusi kama mashapo ya kahawa, achana na kijiko, nenda hospitali.

Hatua ya 6: Kichwa

Panadol na pombe ambayo bado imo mwilini zote zinaliangukia ini, na dawa za jamii ya ibuprofeni na aspirini huunguza tumbo ambalo tayari limekasirishwa. Mimi husubiri. Chumba chenye giza na kitambaa chenye maji hutosha.

Shemeji alitaka kuzimua, au kama jamaa zetu wa Kenya wanavyosema, kutoa loki. Nikamkatalia. Bia ya asubuhi hunyamazisha kichwa kwa muda, kisha ini linakuwa na gramu 20 nyingine za kumaliza. Na mtu ambaye kila asubuhi mikono hutetemeka mpaka anywe, huyo hana hangova, anahitaji daktari. Hospitali ya akili ya Butabika, hapa Kampala, wana kitengo cha mambo hayo, na asiache pombe ghafla akiwa peke yake.

Hatua ya 7: Chakula

Watu wa Kampala watakupeleka kwenye katogo ya byenda, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo. Mimi ni mtu wa mulokonyi, yaani makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe: mchuzi, chumvi, ndizi moja pembeni. Bila pilipili.

Shemeji alikunywa bakuli saa saba na robo, tukapanda boda mpaka kituoni. Nilimwekea mfukoni kavera (mifuko ya plastiki) mbili. Alitumia moja, karibu na Masaka.