Namna ya Kufundisha Saturnalia na Desemba ya Damu ya Mwaka 63 KK

Anzia hekaluni: waeleze wanafunzi kwamba miguu ya sanamu ya mungu Saturn, jijini Roma, ilifungwa kwa sufu mwaka mzima, ikafunguliwa sikukuu yake, Saturnalia, ilipowadia tarehe 17 Desemba. Kisha ingia majumbani, ambako mabwana walikula pamoja na watumwa wao au hata kuwaandalia chakula, kamari iliruhusiwa, na watu walipeana mishumaa ya nta na vinyago vya udongo. Hapa usiharakishe, kwa kuwa ni lazima ieleweke kwamba uhuru huo ulikuwa wa siku chache tu. Kuusifu bila kusema hivyo ni kuwadhulumu waliouonja kisha wakanyang'anywa.

Baada ya hapo geukia njama ya Catilina, mwanasiasa wa Roma aliyetaka kuipindua serikali. Baadhi ya washirika wake walitaka jiji lichomwe na watu wauawe wakati wa Saturnalia, lakini barua zao zilinaswa, na tarehe 5 Desemba Cicero, aliyekuwa konsuli, yaani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma, akaamuru watano kati yao wanyongwe gerezani bila kufikishwa mahakamani. Tenga muda mrefu wa kulijadili tendo hilo, ambalo naliona zito kuliko njama yenyewe. Cicero naye aliuawa tarehe 7 Desemba 43 KK, na kichwa chake kikawekwa kwenye jukwaa la hotuba.

Usizilinganishe tarehe za mwaka 63 KK na kalenda ya leo moja kwa moja: kabla ya marekebisho ya Julius Caesar, Desemba ilikuwa na siku 29.