Kuunga na kupachika upya kitako cha bunduki kuukuu ya mitutu miwili

Bunduki nyingi za zamani za mitutu miwili zinazofika mezani kwa fundi hapa Dar es Salaam, ugonjwa wake hauko kwenye chuma, uko kwenye mbao. Mitutu imenyooka, mtambo (sehemu ya chuma yenye triga, inayoshika mitutu) unafunga barabara, lakini shingo ya kitako ina ufa nyuma tu ya chuma, na mwenyewe keshaizungushia waya. Ukimuuliza atasema ilianguka. Mara nyingi haikuanguka. Imeharibiwa na mafuta.

Mtu anaipenda bunduki ya baba yake, basi kila mara anaumwagia mtambo mafuta, kisha anaisimamisha kabatini midomo ya mitutu ikitazama juu. Mafuta yanateremka taratibu hadi kwenye kichwa cha kitako, pale mbao inapokutana na chuma. Mbao inalowa, inakuwa nyeusi, inalainika. Kila bunduki ikipiga teke, mbao laini inabonyea kidogo, mtambo unarudi nyuma, na ule mkia wake mwembamba wa juu unazama kwenye mbao kama kabari kwenye gogo. Ukimimina gundi kwenye ufa huo bila kutoa mafuta kwanza, umepoteza gundi na muda.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha mambo mawili. Bunduki iwe na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kama wewe fundi huna kibali cha kazi ya silaha, mpeleke mwenye bunduki kwa aliye nacho. Pili, risasi zibaki kwa mwenyewe, zisiingie karakana kabisa. Ifungue bunduki, tazama matundu yote mawili kwa macho, kisha pitisha kidole. Fanya hivyo hata kama imefunguliwa mbele yako dakika moja iliyopita.

Hatua ya 1: Kufungua

Chomoa mbao ya mbele, sukuma wenzo wa juu unaofungulia bunduki, ng'oa mitutu na uiweke mbali na meza. Sasa geukia skrubu. Bunduki za Kiingereza zina skrubu zenye mfereji mwembamba sana, na bisibisi la kawaida la dukani ni nene mno kwa mfereji huo. Chukua bisibisi la zamani, lisage mdomo pande zote mbili hadi lijae mfereji kwa upana na kwa kina, lisicheze. Skrubu iliyokwaruzwa haifichiki tena.

Anza na skrubu za kilinzi cha triga, kisha ile skrubu ndefu inayotoka kwenye mkia wa juu kwenda kwenye bamba la triga, yaani lile bamba la chini linaloshika triga. Mara nyingi imejificha chini ya wenzo, usukume pembeni uione. Baadhi ya bunduki zina boliti ndefu inayoingilia nyuma ya kitako, chini ya bamba la begani, kwa hiyo usilazimishe kitu kisichotaka kutoka. Chora umbo la bunduki kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Skrubu hizi zilitengenezwa kila moja kwa tundu lake, na kwenye bunduki nzuri mifereji yake ikikazwa sawasawa hulala kuelekea mitutu. Ukizichanganya, hazitalala hivyo tena.

Springi na vyuma vya ndani viache. Kazi ya leo ni mbao.

Hatua ya 2: Kutoa mafuta

Changanya unga wa chaki na asetoni upate uji mzito, paka kichwa cha kitako na ndani ya mashimo yake, uache ukauke. Asetoni inapopaa inavuta mafuta juu, na chaki inayanywa. Unga utageuka rangi ya kahawia. Uparuze, paka mwingine. Rudia hadi unga ukauke ukiwa mweupe kama ulivyoupaka. Mbao iliyokunywa mafuta miaka mingi itakula muda wako, na hapo hakuna njia ya mkato. Fanya nje penye upepo, mbali na jiko la mkaa na sigara. Petroli usitumie.

Hatua ya 3: Kuunga ufa

Ufungue ufa kidogo sana kwa ncha ya kisu, uone unafika wapi. Tumia gundi ya epoksi ya kuchelewa kukauka, ile ya kuachwa usiku mzima, si ya dakika tano. Ipashe kidogo kwenye maji ya uvuguvugu ili iwe nyepesi, kisha isukume ndani hadi itokeze upande wa pili. Gundi nyeupe ya maseremala ni nzuri kwa kiti, lakini hapa haitoshi.

Kwa kukaza, hakuna kifaa kinachoshinda mpira wa ndani wa baiskeli. Mwombe fundi baiskeli ule uliotoboka, ukate ukanda mrefu wa vidole viwili, na uuzungushe kwenye shingo ukiuvuta kwa nguvu. Unabana pande zote sawa, na jiliwa haliwezi kufanya hivyo kwenye shingo ya mviringo. Gundi iliyomwagika ifute kabla haijakauka. Kesho yake, kama ufa ulikuwa mrefu, toboa kutokea ndani ya shimo la mtambo, pale pasipoonekana, na utie pini ya shaba nyeupe yenye meno pamoja na epoksi.

Hatua ya 4: Kupachika kwa masizi

Hapa ndipo fundi anapojulikana. Kanuni ni moja: mbao inafuata chuma. Tupa isiguse mtambo hata kidogo.

Washa koroboi, pitisha chuma juu ya moshi hadi kishike masizi membamba. Kiingize kwenye kitako wima, kigonge kwa kiganja, kitoe bila kukizungusha. Mbao sasa ina madoa meusi, na kila doa ni mahali chuma kinapogusa. Kwa patasi yenye makali ya kunyolea, paruza doa tu, unyoya mwembamba kabisa, kisha rudia. Mwanzoni utaona madoa mawili matatu upande mmoja. Unataka kufika mahali ambapo nyuma ya mtambo pote, kushoto na kulia, pameacha weusi sawa, kwa sababu hapo ndipo teke linapopokelewa.

Mkia wa juu ni kinyume chake. Nyuma ya ncha yake acha nafasi ya unene wa karatasi ya daftari. Ukiona masizi hapo, ufa uliouziba utafunguka tena.

Kama kichwa cha kitako kimeliwa sana, bandika kipande chembamba na ukipachike upya kwa masizi. Vitako vingi vya zamani ni vya mbao ya walnati. Mninga mkavu unafaa kwa kiraka kwa sababu hauchezi sana hali ya hewa ikibadilika, na rangi yake inakaribiana.

Ukikaza skrubu, jaribu triga kabla ya kufurahi. Ukiwa umechimba mbao nyingi chini ya bamba, bamba linapanda, na triga zinaweza kukosa ule uchezaji mdogo zinaopaswa kuwa nao. Bunduki ya namna hiyo inaweza kufyatuka inapofungwa. Tumia risasi bandia zisizo na baruti, ifungue na kuifunga mara nyingi, jaribu kizuizi cha usalama. Triga zikikosa uchezaji, rudisha unene wa mbao.

Hatua ya 5: Mafuta ya kitani

Piga msasa kidogo tu, kitako kisishuke chini ya chuma. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa kwa kidole, matone machache, ukisugua hadi kiganja kipate joto. Acha kila mpako wa mafuta ukauke; wakati wa masika jipe subira zaidi. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitumbukize kwenye maji, vinaweza kuwaka vyenyewe.

Kitako kizuri hakiifanyi bunduki iwe salama kufyatuliwa. Mitutu yenye michoro ya mawimbi ya chuma kilichosokotwa, na ile isiyo na mihuri ya majaribio ya baruti ya kisasa, isipigwe risasi za sasa hadi mtaalamu aipime. Pima pia chemba, yaani tundu la mtutu inamokaa risasi: nyingi za Kiingereza ni za milimita 65, na risasi ya milimita 70 inaingia bila shida, lakini ikifyatuliwa mdomo wake haupati nafasi ya kufunguka, na shinikizo linapanda.

Unapomkabidhi mwenyewe, mwambie aitunze kwenye kabati la chuma lenye kufuli, imeinamishwa, midomo ya mitutu chini. Mtambo unatosheka na tone moja la mafuta. Mkoba wa ngozi ni wa safari tu, maana hewa yetu ya bahari ikinaswa humo, kutu inaanza.