Hanesi yenye mashine: ichague kwa mabega, usiichague kwa hospawa

Wanaonisimamisha njiani pale Jambiani kuhusu hanesi yangu ya kurukia, lile vazi la mikanda linalobeba mashine, wana swali moja tu: "Fundi, ina hospawa ngapi?" Wamezoea mashine za boti, na hesabu yao ni 15, 25, 40. Siwalaumu. Mimi mwenyewe naishi kwa kutengeneza mashine za boti, na nilipotaka hanesi yangu ya kwanza nilianza na swali hilohilo. Likanigharimu propela nzima na aibu ya asubuhi moja.

Chombo chenyewe, kwa Kiingereza hang glider, ni tiara kubwa ya kitambaa, mabomba ya aluminiamu na waya. Unaning'inia chini yake kifudifudi na kuiongoza kwa kusogeza mwili. Haina kiti wala gurudumu: unaibeba mabegani, unakimbia, halafu yenyewe inakubeba. Kwa kawaida huondoka mlimani, nami nilijifunza hivyo Uingereza, juu ya Devil's Dyke kule Sussex, miaka niliyokuwa nikifanya kazi gereji. Kwetu Unguja mlima uko wapi? Masingini penyewe, tunakopaona juu, hapafiki mita 150. Ndiyo sababu ya mashine. Inafungwa kwenye hanesi, si kwenye tiara, na propela inakaa nyuma ya miguu yako. Ukishapanda unaizima, unaelea kimya kama mwewe.

Kama hujawahi kuruka bila mashine, usinunue chochote bado. Nenda kwa mwalimu, penye kilima, ujue kuondoka na kutua. Na anga ina mwenyewe: kibali ni cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na ndege zinazoshuka uwanja wa Kiembe Samaki hazitakupisha.

Sasa hanesi. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Mosquito ya Sweden na Doodle Bug ya Uingereza, na zote mbili zimetumia mashine moja, Radne Raket 120: mashine ya Kisweden ya tu-stroki, ndugu ya zile za vigari vya mashindano. Hospawa zake ni kama 15. Kwa hiyo swali la nguvu limeshajibiwa kabla hujaliuliza. Kinachotofautisha hanesi na hanesi ni mwili wako.

Utakayoipata karibu hakika ni ya mkono wa pili, na ilishonwa kwa kimo cha mtu mwingine. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mzungu mrefu kama mnazi. Nikajiambia mikanda itavutwa. Ikavutwa kweli, ila bomba la propela halivutwi. Siku ya kwanza, maji yamekupwa, upepo haba, nikanyanyua tiara na kukimbia. Hanesi ilikuwa ndefu kwangu, mashine ikaning'inia chini, na nilipopiga hatua ya nne nikainama kidogo kama anavyoinama mtu aliyebeba gunia. Ncha ya propela ikagusa yale matuta magumu ya mchanga yanayoachwa na maji. Vipande vikaruka mpaka kwenye vigingi vya mwani. Bibi mmoja aliyekuwa akifunga mwani wake akanyoosha mgongo, akanitazama, akauliza: "Mwanangu, hicho kidude chako hakina miguu?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko langu. Hanesi hizi zina miguu, mirija ya kuishikilia propela isiguse chini ukiwa umesimama. Yangu ilikuwa nayo, lakini kwa kimo changu haikufaa kitu. Kwa hiyo ukienda kuitazama hanesi, ivae, simama wima, kisha chuchumaa nusu kama mtu aliyechoka. Mwenzako atazame nyuma. Propela ikikaribia ardhi chini ya shubiri mbili, rudisha.

Uzito nao uupime kwa mgongo, usiupime kwa karatasi. Hanesi na mafuta yake ni kama kilo 30, na tiara nayo kilo 25 mpaka 30. Vaa, nyanyua tiara, kimbia mita 30 mashine ikiwa imezimwa. Rudia mara tatu. Ukihema ya tatu, siku ya joto la Februari hutaondoka.

Halafu itundike. Mimi natumia boriti ya banda la boti. Jitundike ndani yake kifudifudi kwa dakika 20, kwanza tangi likiwa tupu, kisha likiwa limejaa. Kichwa kikishuka au miguu ikizama tangi linapobadilika, pa kuning'inia pamekosewa, na huko juu utapigana na tiara muda wote. Ukiwa hapohapo fumba macho, utafute vitu vitatu kwa mkono: swichi ya kuzimia, kamba ya kuwashia, na mpini wa parashuti ya akiba. Usipoviona kwa kupapasa, hanesi hiyo si yako. Ufuate pia mkanda wa parashuti kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Usiwe na njia yoyote ya kuifikia propela.

Mafuta unayatia kwa meno: kuna kitufe unachokiuma, kwa sababu mikono yote miwili imeshika tiara. Ukikiachia, mwendo wa mashine unashuka. Zipo hanesi zinazowashwa kwa betri, na watu wanazisifu. Mimi nimechagua kamba. Chumvi ya pwani hii nimeiona inavyozila nyaya za boti.

Mashine yenyewe ikague kama ya boti. Vuta kamba polepole, usikie kompresheni inaikaza. Tikisa propela mbele na nyuma: ikicheza, beringi zimekwisha. Tazama mkanda unaozungusha propela kama umepasuka kwenye meno yake, tazama nyufa pale ekzosi inapofungwa. Petroli nunua pampu, zile za chupa barabarani waachie wenye haraka. Na usichanganye oili kwa macho kama wavuvi wetu. Kitabu kikisema hamsini kwa moja, lita 5 zinataka mililita 100, pima. Saa moja angani hula lita 3 au 4.

Waya za tiara nazipitisha ndani ya kitambaa cha pamba, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Uzi mmoja wa chuma ukikatika hauonekani, lakini pamba inaunasa. Nikinasa, siruki.

Kuhusu siku ya kuruka, soma kalenda ya maji kabla ya kusoma upepo. Nataka bamvua, maji yakiwa yanakupwa, ili niwe na uwanja mpana kutoka ufukweni kuelekea mwambani. Kusi na kaskazi, kwetu mashariki, zote zinatoka baharini, kwa hiyo zinafika safi na unakimbia ukiziangalia usoni. Upepo wa umande wa alfajiri ndio wenye hila: unapita kwanza kwenye minazi na mapaa ya hoteli, unafika umevurugika. Usidanganyike na upole wake. Kilomita 10 mpaka 15 kwa saa zinanitosha. Bila upepo kabisa miguu haiwezi, na Julai na Agosti, wale wanaoteleza baharini kwa kuvutwa na kaiti wakiwa wanashangilia kule Paje, mimi nashinda gereji. Kaa mbali na mashamba ya mwani: kamba zake hazionekani kutoka juu, na ni riziki ya watu.

Kabla ya kukimbia jitundike tena, mwenzako ameshika pua ya tiara, ahakikishe umefungwa na mikanda ya mapajani imepita. Kila safari, hata kama umeruka dakika kumi zilizopita. Ukiondoka, kimbia mpaka miguu ikanyage hewa. Usijitupe ndani ya hanesi mapema. Juu ya maji usiende mbali kiasi kwamba mashine ikizima hufiki mchangani. Ukiwa ndani ya hanesi, na mashine mgongoni, huogelei, hata kama umezaliwa baharini. Mimi navaa boya na kisu cha kukatia mikanda kifuani. Kutua ni mashine imezimwa, propela imesimama, kila mara.

Jioni iko kazi ya kuosha. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, kwa hiyo kuosha nayo ni bure. Nimeweka pipa chini ya mchirizi wa paa, nalijaza masika, na ndoo mbili za maji ya mvua zinatosha: moja ya mashine na miguu yake, moja ya waya na boliti. Mke wangu amelipigia pipa lile mstari wa rangi. Chini ya mstari ni maji yake ya kufulia.