Unataka kwenda kufundisha Biblia Balkani? Soma hii kabla hujaanza kuchangisha

Kamwene wapendwa. Siku hizi kila fellowship kuanzia Iringa mjini, Makambako mpaka Mbeya utasikia kijana anasema amepata mzigo wa mataifa, na wengine wanataja kabisa Albania, Bosnia, Serbia. Safi sana. Ila wengi wana picha moja tu kichwani ya kazi ya injili, nayo ni jukwaa, spika kubwa, kwaya, viwanja vya Ruanda Nzovwe vimejaa watu na mhubiri anapaza sauti. Ukienda Balkani, yaani hizo nchi za kusini mashariki mwa Ulaya, na hiyo picha utarudi umechoka na hakuna ulichofanya. Kule kazi inaenda mezani, watu wanne watano, kahawa, Biblia imefunguliwa, na inakwenda polepole mpaka unaweza kukata tamaa. Sa ntaeleza unavyojiandaa kwa kazi ya namna hiyo.

Kwanza jua unaenda kwa watu waliopata injili kabla yako

Hii naiweka mbele makusudi sababu ndo inaharibu wengi. Paulo alipoota yule mtu wa Makedonia kwenye Matendo 16 akavuka bahari, akafika Filipi, akakutana na Lidia kando ya mto, baadae Thesalonike na Beroya, hiyo yote ni Balkani (Filipi yenyewe leo iko Ugiriki, sio kwenye ile nchi inayoitwa Masedonia Kaskazini tangu 2019, usije ukachanganya mbele za watu maana hilo jina limewagombanisha miaka mingi). Warumi 15:19 anasema amehubiri mpaka Iliriko, maeneo ya Albania na majirani zake wa pwani ile. 2 Timotheo 4:10 Tito kaenda Dalmatia, leo ni pwani ya Kroatia. Yaani wakati kule kuna makanisa ya karne ya kwanza, huku kwetu wamisionari wa Moravian wanafika Rungwe ni 1891.

Na kwa ndugu zangu wa Moravian kuna kitu kitamu hapa. Mwaka 863 ndugu wawili wa Thesalonike, Cyril na Methodius, walitumwa Moravia, huko huko kanisa lenu lilikopata jina, wakawatengenezea watu alfabeti na kutafsiri maandiko kwa lugha yao ya Kislavoni. Baada ya Methodius kufa wanafunzi wao walifukuzwa, Clement na Naum wakarudi kusini wakafundisha Ohrid, ambayo sasa iko Masedonia Kaskazini. Kwahiyo ukifika Ohrid usianze kuwaambia watu wa pale habari za Yesu kama vile hawajawahi kulisikia hilo jina.

Halafu ule mwaka 1891 tena, wakati Rungwe inaanza, kule Korçë Albania mhubiri wa kiinjili Gerasim Qiriazi na dada yake Sevasti walikuwa wanafungua shule ya wasichana inayofundisha kwa Kialbania, wakati Waturuki wanatawala. Gerasim alishawahi kutekwa na majambazi milimani 1884 wakamshikilia miezi, na alifariki 1894 bado kijana. Umri wa uinjili wa Albania na wetu ni kama sawa tu, tofauti ni kwamba wao walikuja kufungwa midomo. Mwaka 1967 Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa Albania, alifunga misikiti na makanisa yote, zaidi ya majengo 2,000, na katiba ya 1976 ikapiga dini marufuku kabisa. Ibada za wazi zimerudi mwishoni mwa 1990. Mzee wa miaka 70 unayemkuta Tirana leo alikua na kuanza maisha katika nchi ambayo kusali ni kosa la jinai. Ukimwuliza "wewe ni dini gani" anakujibu dini ya babu yake, na hapo hajakuambia chochote kuhusu anachokiamini yeye.

Chagua nchi, usiseme tu "Balkani"

Tofauti ni kubwa sana. Serbia, Montenegro, Masedonia Kaskazini, Bulgaria na Ugiriki wengi ni Waorthodoksi. Kroatia ni Wakatoliki. Kosovo karibu wote Waislamu, Albania mchanganyiko, Bosnia imegawanyika makundi matatu. Walokole karibu kote huko ni chini ya asilimia moja, unaweza kukuta mji mkubwa kuliko Iringa una kakanisa kamoja ka watu thelathini. Ila Bulgaria kuna uamsho mkubwa wa kipentekoste kati ya watu wa jamii inayoitwa Roma (sio mji wa Roma wa Italia), wale ambao wenzao wanawadharau na kuwatenga mitaani kwao, na mimi kwa maoni yangu mtumishi kutoka Tanzania anaweza kupata mlango pale haraka kuliko sehemu nyingine.

Jambo la kushika ni hili: kule dini ni kabila. Mserbia ni Mworthodoksi, Mkroati ni Mkatoliki, Mbosnia ni Mwislamu, hata kama hajaingia kanisani au msikitini tangu azaliwe. Na kwa hayo majina watu waliuana, vita ya Bosnia imeisha 1995 kwa mkataba wa amani wa Dayton, na mji wa Srebrenica huko Bosnia Julai mwaka huo waliuawa zaidi ya wanaume na vijana 8,000. Kosovo vita ikaisha 1999. Wenye miaka 45 na kuendelea wote wanakumbuka. Sa wewe ukimwambia mtu "acha dini yako uokoke" yeye anasikia "saliti ukoo wako na marehemu wako". Usiulize nani alianza vita. Usitoe maoni kuhusu uhuru wa Kosovo hata ukibembelezwa, sema umekuja kusoma Biblia, basi.

Usiende mwenyewe mwenyewe

Tafuta kanisa la wenyeji likualike, liwe la kwao sio la wageni wenzako, na uwe chini ya mchungaji wao. Pitia kanisa lako hapa, dayosisi au jimbo, maana wao ndo wana mawasiliano ya nje, na kama uko chuo, TEKU au MUST, anzia kwenye fellowship yako wakupe watu wa kukushauri. Albania kuna umoja wa makanisa ya kiinjili unaoitwa VUSH, mizizi yake ni ya wakati wa Qiriazi. Kroatia kuna chuo cha theolojia cha kiinjili mjini Osijek ambacho Peter Kuzmič ni mmoja wa waanzilishi wake, kimefundisha watumishi wa eneo zima. Barua ya mwaliko ya wenyeji ndo inafungua hata mlango wa viza.

Na tafadhali usiwaseme Waorthodoksi vibaya. Kuna askofu mkuu Anastasios wa Tirana, alifariki Januari 2025, huyu alikuta kanisa la Albania limebaki vifusi akalijenga upya tangu 1991, na kabla ya hapo toka 1981 mpaka 1990 alikuwa anasimamia kanisa la Orthodox la Kenya, Uganda na Tanzania. Wazee wa Iringa wanaowakumbuka Wagiriki wa mashamba ya tumbaku wanajua Waorthodoksi sio wageni huku. Ukimtaja Anastasios vizuri mbele ya padri wa Albania, mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Lugha

Kiserbia, Kikroati, Kibosnia na Kimontenegro wanaelewana, ukijifunza kimoja umepata nchi nne, ila usiseme mbele yao kwamba ni lugha moja, taja ile ya mwenyeji wako. Kibulgaria na Kimasedonia vinakaribiana. Kialbania kiko peke yake kabisa. Sisi Waswahili tuna faida, neno linaandikwa kama linavyotamkwa kwa Kiserbia kama kwetu, na yale mambo ya maneno kukubaliana na nomino hayatutishi maana tumezaliwa na ngeli. Serbia utakutana na herufi za Kisirili (kama zile za Kirusi) na za kawaida, jifunze zote. Anza miezi sita kabla, kila siku kidogo, Marko sura ya kwanza kwa sauti ukiwa na Biblia ya Kiswahili pembeni. Kwa Kiserbia Agano Jipya lililotafsiriwa na Vuk Karadžić lilitoka 1847 na Daničić akaongeza Agano la Kale 1868, lugha yake ni ya zamani kidogo ila wazee wanaipenda.

Kufundisha kwenyewe

Hapa ndo penyewe. Kifungu kimoja, kifupi. Kisomeni mara mbili, halafu mwombe mtu mmoja afunge Biblia asimulie kwa maneno yake, wenzie waongezee alichosahau. Baadae uliza maswali machache: tumeona nini kuhusu Mungu, tumeona nini kuhusu watu, kipi hukubaliani nacho. Hilo la mwisho ni muhimu, waliokulia chini ya ukomunisti walizoea mtu mmoja anaongea wengine wanapiga makofi, hawaamini tena mtu anayeongea peke yake. Ukimya usikutishe, ngoja tu.

Ukitumia mkalimani ongea sentensi fupi, moja ikiisha subiri. Na ule mtindo wetu wa "mwambie jirani yako" uache Songwe airport, kule ukisema hivyo watakukodolea macho na jirani haambiwi kitu. Haleluya kila baada ya neno nayo punguza. Kingine, Bulgaria mtu akitikisa kichwa kushoto kulia anaweza kuwa anakubali, na akiinamisha anakataa, hata Albania wapo hivyo, kwahiyo ukiuliza "mmeelewa?" usisome vichwa, subiri mdomo.

Vitabu gani? Luka kwa kuanzia. Kwa Waislamu wa Bosnia na Kosovo hadithi ya Yusufu na ndugu zake inaingia vizuri maana wanaijua kwa upande wao, na inagusa kusamehe ndugu waliokuuza. Yona naye ana nguvu ya ajabu kule, nabii anayekasirika kwa sababu adui zake wamesamehewa. Lakini nakusihi, usiwafanyie matumizi ya somo wewe. Usiseme "sasa nyinyi Waserbia na Wabosnia..." Soma sura ya nne, uliza lile swali ambalo Mungu anamwuliza Yona pale mwisho, kisha nyamaza. Wewe hukupoteza mtu kwenye ile vita, wenye haki ya kusema ni wao.

Ugiriki ni habari nyingine, katiba yao inakataza kuvuta watu dini kwa ushawishi, kuna bwana Kokkinakis alikamatwa mara nyingi kwa hilo mpaka akashinda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya mwaka 1993. Mlango kwa mlango usijaribu bila wenyeji kukuelekeza.

Nyumbani kwa watu

Viatu unavua mlangoni, watakupa ndala. Kahawa haikataliwi na hainywewi haraka, kikombe kidogo kinaweza kuchukua saa zima na hapo ndo somo lako linapoanzia. Pombe yao kali ya matunda, rakija, wanapika wenyewe majumbani na mwenyeji atakumiminia kwa moyo ule ule wa mzee wa Iringa anayekukaribisha ulanzi, sa wewe mlokole weka mkono kifuani, shukuru, omba kahawa, usianze mahubiri ya ulevi pale. Serbia kuna sikukuu ya slava, kila ukoo na mtakatifu wake, ukialikwa nenda. Krismasi yao ni Januari 7, Bulgaria ni Desemba 25.

Watakushangaa rangi, vijijini hasa, watoto watakufuata. Ila wazee wa iliyokuwa Yugoslavia wengi wanalijua jina la Nyerere, mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika Belgrade 1961 na Tito mwenyewe, rais wao wa wakati huo (sio yule wa kwenye Biblia), alikuja Tanzania 1970. Anzia hapo na mzee, utakaa mpaka jioni. Zawadi beba kahawa ya Mbozi iliyosagwa laini kabisa, na majani ya chai ya Rungwe.

Hela, viza na makaratasi

Usichangishe kwa mkupuo. Omba watu wachache waahidi kiasi kidogo kila mwezi, wakulima wa viazi na parachichi wape nafasi walipe baada ya mavuno, mtunza hazina awe mtu mwingine sio wewe wala mkeo. Na nenda na kazi mkononi kama inawezekana, ualimu, uuguzi, kompyuta. Wamoravian wa kwanza waliotumwa 1732 walikuwa mfinyanzi na fundi seremala, walijua watajilisha wenyewe.

Ugiriki, Kroatia na Slovenia ziko Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na Bulgaria kikamilifu toka Januari 2025, zilizobaki kama Serbia, Bosnia na Albania kila moja ina utaratibu wake, kwahiyo safari ya nchi mbili inaweza kuwa viza mbili, uliza ubalozi husika mapema sana. Serbia ukilala nyumba ya mtu lazima uandikishwe polisi ndani ya saa 24, mwambie mwenyeji wako siku hiyo hiyo umefika, wengine wanasahau. Agosti usiende kufundisha, watu wako pwani au wamepokea ndugu kutoka Ujerumani na Uswisi. Oktoba mpaka Aprili ndo watu wako ndani, ila baridi yake hata mtu wa Makete ataomba koti, na makoti ya theluji yapo mitumba Mwanjelwa bei poa, nunua Januari kabla wa Njombe hawajayamaliza. Kosovo na Montenegro wanatumia euro, Albania lek, Serbia dinari, na hizo mbili za mwisho zimalize huko huko kabla hujapanda ndege maana ukishafika nazo Mbeya hupati wa kukubadilishia.